Siki Haidanganyi: Maoni juu ya Visu Vyetu vya Ziwani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika kurasa zetu za Kiswahili nitoe maoni juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni visu.

Hapa Nchelenge, na kando yote ya Ziwa Mweru, kisu ni chombo cha riziki. Samaki mkubwa hakaushwi wala hapigwi moshi kabla hajapasuliwa, na mwenye kisu butu huchoka kabla ya saa nne. Lakini vijana wengi hukidharau kisu cheusi cha mhunzi, wakapenda kile king'aacho dukani. Mimi nasema tusihukumu kisu kwa rangi yake. Tukiulize kwa siki.

Twaa kisu kilichofuliwa kwa springi ya gari. Kisugue kwa msasa hata king'ae, kioshe kwa sabuni mafuta yatoke yote, kisha kitumbukize katika siki ya uvuguvugu ndani ya chombo cha kioo au cha plastiki. Baada ya muda utaona vipovu vidogo. Hiyo ni haidrojeni, ishara kwamba asidi inakula chuma. Bapa la kisu litageuka kijivu. Ikiwa mhunzi alichovya makali tu kisu kilipokuwa chekundu, huenda ukaona mstari ukitenga makali na mgongo, kwa maana sehemu iliyokazwa na ile laini hazishiki rangi sawasawa. Ukiwa bado na shaka, chukua tupa: huteleza juu ya makali magumu, lakini chuma laini hukiuma.

Hiyo ndiyo siri ya visu vya nakshi za mawimbi ambavyo wenzetu walioko Lusaka na Kitwe huvinunua kwa fedha nyingi. Mhunzi huunganisha kwa moto na nyundo aina mbili za chuma cha pua, moja yenye nikeli na nyingine isiyo nayo, akazikunja mara nyingi. Kisu kikitoka katika msasa ni cheupe kitupu. Kikiingia katika asidi, chuma kisicho na nikeli hugeuka cheusi, na chenye nikeli hubaki kikimetameta. Chai kali isiyo na maziwa huzidisha weusi huo. Basi siki haichori kitu. Huonyesha tu kazi iliyokwisha kufanywa ndani. Wako wadanganyifu wanaochora mawimbi juu ya chuma cha aina moja. Uyasugue kwa msasa hata yaishe, kisha ukichovye kisu tena: nakshi ya kweli hurudi, ya uwongo hairudi.

Wako wanaodhani kwamba elimu ya chuma ililetwa kwetu na wageni. Si kweli. Al-Idrisi, katika kitabu chake cha mwaka 1154, aliandika kwamba chuma cha Sofala kilinunuliwa na kupelekwa Bara Hindi. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walieleza jinsi Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, walivyopata chuma cha pua katika tanuri zao za udongo. Na katika Luapula yetu, Wachishinga walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma, W. V. Brelsford aliandika juu ya desturi na dawa zao mwaka 1949. Katika sherehe ya Mutomboko kule Mwansabombwe, Mwata Kazembe hucheza na upanga na shoka mkononi, nasi twapiga vigelegele. Yafaa gani kuushangilia upanga huku tukimcheka afuaye visu?

Najua mtu atasema, “Hayo ni mapambo tu, nasi tunataka kufaulu mtihani.” Namjibu hivi: asidi, chuma, haidrojeni na kaboni vimo katika mtihani huo huo. Mwingine atahofu visu kuingia darasani. Basi, tumieni kipande cha chuma kisichotiwa makali, mwalimu akisimamia. Ila nawasihi sana, msiguse asidi ya betri, na wala msichanganye siki na dawa ya kung'arisha nguo, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Siki na limau vyatosha. Mkimaliza, kiosheni chuma kwa maji yenye magadi kidogo, mkikaushe na kukipaka mafuta, la sivyo kutu itakuja mara moja.

Shauri langu ni hili. Kila shule ya ukanda huu itenge siku moja katika muhula, imwalike mhunzi wa jirani, imlipe haki yake, naye afue mbele ya wanafunzi. Kisha wao wenyewe waijaribu kazi yake kwa siki na tupa. Ikiwa mbaya, itajulikana. Ikiwa njema, mhunzi atapata wanunuzi, na huenda mmoja wetu akapenda kujifunza kwake. Mivukuto ikinyamaza hapa ziwani, tutakuwa watu wa kununua tu kila chombo cha kazi yetu, bila hata kujua kukikagua.

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Nasi tumjue aundaye.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa zamani, Nchelenge