Vijidudu vya mbolea vipimwe kwanza

Hewa ipitayo juu ya majaruba ya Gihanga na mashamba ya Cibitoke ina naitrojeni sehemu 78 katika kila 100, lakini mpunga na mahindi haviwezi kuitumia. Ndiyo maana mkulima hununua mbolea, na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozidi kuipandisha bei yake duniani, aliyeumia ni mwenye jembe.

Si ajabu basi kwamba wengi wanavutwa na habari za vijidudu vya udongoni vinavyoigeuza hewa hiyo kuwa chakula cha mmea. Habari hizo ni za kweli. Mwaka 1888 Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walithibitisha kwamba mikunde hulishwa na bakteria waishio katika vinundu vya mizizi. Mkulima anaweza kujionea mwenyewe: ang'oe mharagwe, apasue kinundu. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, ni mgeni alaye bure.

Lakini nafaka haina vinundu, na hapa yatupasa kusema wazi. Azospirilamu, bakteria aliyepata sifa kwa utafiti wa Johanna Döbereiner nchini Brazili katika miaka ya 1970, huishi zaidi kandokando ya mizizi ya nafaka. Naitrojeni aitoayo ni kidogo. Aghalabu faida yake ni kuirefusha mizizi. Anayemwambia mkulima kwamba pakiti moja itashika mahali pa yurea anamdanganya.

Tena vijidudu ni viumbe hai. Pakiti iliyoanikwa juani sokoni yaweza kuwa vumbi tupu, na mnunuzi asijue kwa kuitazama. Katika udongo wenye asidi wa Mugamba, pasipo chokaa na fosfeti, hata bakteria wa maharagwe hudhoofika.

Rai yetu ni kuanza na mikunde. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikwisha kubuni dawa ya mbegu za mikunde iitwayo BIOFIX, yenye bakteria hao. Soya ikitangulia shambani, na majani na mizizi yake isiondolewe, mahindi ya msimu ufuatao hupata masalio. Kwa nafaka yenyewe, ISABU ipime kwanza katika mashamba ya wakulima, misimu kadhaa, Imbo na milimani. Pakiti isiyoonyesha idadi ya bakteria na tarehe ya mwisho isiruhusiwe kuuzwa. Matokeo yatangazwe kwa Kirundi na Kiswahili, na kitakachoonekana hakifai kitajwe vilevile kwa jina.