Entebbe Haikuwa Kazi ya Taifa Moja

Wapo wanaodai kwamba taifa lenye jeshi imara halihitaji ushirikiano wa kimataifa ili kuokoa mateka, na ushahidi wao mkuu ni Entebbe, Uganda, ambako makomando wa Israel waliwatoa watu zaidi ya 100 usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976. Hoja hiyo haijaitazama hata ramani, kwa kuwa ndege za makomando hao zilitua Nairobi kujaza mafuta, majeruhi wakatibiwa huko, na watetezi wake hawaelezi zingefikaje nyumbani bila ruhusa ya Kenya. Taarifa kuhusu watekaji nazo zilipatikana kwa mateka walioachiliwa mapema, ambao walihojiwa Paris. Gharama ya msaada wa Kenya ililipwa na Wakenya waliokuwa Uganda, ambao wengi waliuawa katika kisasi cha Idi Amin, mtawala wa Uganda wakati huo, na anayeufuta mchango huo anawafuta na wao.

Anayetaka mfano wa taifa lililotenda peke yake na aitazame Larnaca, Februari 1978, ambako makomando wa Misri walivamia uwanja wa ndege bila idhini ya Kupro, yaani dola yenye mamlaka juu ya ardhi ile, wakapigana na askari wenyeji na kupoteza wenzao 15, huku mazungumzo ya kuwaachilia mateka yakikaribia mwafaka. Kinyume chake, miezi minne kabla, mjini Mogadishu, kikosi cha GSG 9 cha Ujerumani Magharibi kiliwaokoa abiria wote 86 wa ndege iliyotekwa, kwa idhini ya Somalia na msaada wa wanajeshi wawili wa Uingereza.