MATUNZO YA MTOTO NI DENI, SI HISANI



Katika nchi yetu liko deni moja ambalo halilipwi, na asiyelilipa haoni haya. Mdaiwa anajulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa kijiji. Mdai ni mtoto, ambaye hawezi kwenda mahakamani kwa miguu yake, na mara nyingi hajajifunza hata kusema. Deni hilo ni matunzo: chakula, mavazi, malazi, matibabu na elimu, ambavyo kila mzazi anawajibika kumpa aliyemzaa. Anayelibeba mahali pa mdaiwa ni mama anayelea peke yake, au bibi aliyedhani kwamba siku zake za kubeba mtoto mgongoni zimekwisha. Wapo pia akina baba walioachiwa watoto, na haya tunayoyasema yanawahusu wao vilevile. Lakini tusidanganyane: wanaokimbia zaidi ni wanaume.

Sisi twasema hivi. Matunzo si zawadi ya mwanamume kwa mwanamke aliyempendeza, wala si adhabu kwa aliyemchukiza. Ni haki ya mtoto. Na Serikali inayoiandika haki hiyo katika sheria, kisha ikamwachia maskini kuliko wote kazi ya kuidai, bado haijaitimiza.

Sheria yasemaje

Tuanze kwa kuitendea haki sheria yenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitamka kwamba ni wajibu wa mwanamume kuwatunza watoto wake, wawe wanakaa naye au wanakaa na mtu mwingine. Lakini mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa na sheria yake ya pembeni, tuliyoirithi kutoka enzi za ukoloni, ya mwaka 1949. Chini ya sheria hiyo, baba hakuweza kuamriwa kutoa zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Azimio la Arusha likaja na kupita, soko huria likafunguliwa, fedha ikashuka thamani mwaka hadi mwaka, na zile shilingi 100 zikabaki pale pale katika vitabu vya sheria hadi mwaka 2009. Kufikia hapo hazikutosha kununua mkate mmoja, sembuse kumlea mtoto mwezi mzima.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta aibu hiyo kwa Tanzania Bara. Inamtambua kila aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa mtoto, bila kuuliza kama wazazi wake walifunga ndoa. Inaiagiza mahakama itazame kipato na mali za wazazi wote wawili, pamoja na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Inamruhusu mzazi, mlezi, ndugu au afisa ustawi wa jamii kufungua shauri kwa niaba ya mtoto. Zaidi ya hayo, nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003. Ule wa kwanza unaitaka kila dola ichukue hatua zote zifaazo ili matunzo yapatikane kutoka kwa wazazi. Wa pili unakataza mtoto anyimwe matunzo kwa sababu ya hali ya ndoa ya wazazi wake.

Basi sheria ipo. Tatizo letu si uhaba wa karatasi.

Mdai aliyegeuzwa tarishi

Tuitazame njia anayoipita mama. Huanza kwa wazee wa ukoo. Akishindwa, huenda kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, kisha kwa afisa ustawi wa jamii. Afisa humwandikia baba barua ya wito, na mara nyingi anayekabidhiwa barua hiyo aipeleke ni mama mwenyewe. Mdai amegeuzwa tarishi wa kesi yake! Baba akiitikia, husaini makubaliano. Hulipa mwezi wa kwanza, hujikongoja mwezi wa pili, na mwezi wa tatu amebadili namba ya simu. Makubaliano yasiyofikishwa mahakamani hayana meno, kwa hiyo mama huanza upya: nauli, siku za kibarua zilizopotea, tarehe za kesi zinazosogezwa mbele. Baba akikana kwamba mtoto ni wake, huhitajika kipimo cha vinasaba katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kipimo hicho hakiombwi na mtu binafsi kwa matakwa yake, na kina gharama. Kesi huahirishwa, njaa ya mtoto haiahirishwi.

Tuseme mama ameshinda. Baba akiwa mwajiriwa, mahakama yaweza kuagiza mapato yake yashikwe. Lakini watu wetu wengi ni wakulima, wavuvi, wachimbaji wadogo, wachuuzi na madereva wa bodaboda. Hawana hati ya mshahara. Baba amehamia machimboni au mjini. Nani atamtafuta? Mama. Nani atathibitisha anachokipata? Mama. Nani atarudi mahakamani kila asipolipa? Mama yule yule, huku mtoto mgongoni na kazi zimelala.

Sasa tulinganishe. Mwanafunzi akikopeshwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, halafu akaajiriwa, sheria kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 inamtaka mwajiri akate asilimia 15 ya mshahara wake na kuipeleka kwenye Bodi. Hakuna afisa wa Bodi anayebeba mtoto mgongoni kwenda kubembeleza. Kodi nayo hukatwa kabla mfanyakazi hajaiona fedha. Serikali inajua kudai inapodai chake. Kwa nini mkono huo wenye nguvu uishiwe nguvu mdai anapokuwa mtoto?

Je, Serikali yenyewe inatoa nini?

Hapa twafika kwenye upande wa pili wa jambo. Mzazi mmoja akitoroka au akifa, jamii yote inawajibika kumshika mkono aliyebaki. Mifuko ya hifadhi ya jamii hutoa mafao ya uzazi, lakini kwa mwanachama aliyechangia. Mama muuza mboga hamo. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozinduliwa mwaka 2012 chini ya TASAF na kuingia awamu ya pili mwaka 2020, uliwafikishia ruzuku watu wengi waliosahauliwa, na twaupongeza kwa hilo. Lakini mpango huo ulihesabu kaya, na kaya zenyewe ziwe zile zilizoonekana kuwa maskini kupita nyingine. Binti aliyerudi na mtoto chini ya paa la wazazi wake si kaya. Amefichwa ndani ya kaya ya baba yake, na mtoto wake amekuwa mdomo mmoja zaidi katika sufuria ile ile. Hakuna posho ya kudumu ambayo mzazi anayelea peke yake aweza kuidai kama haki ya mtoto wake kwa mujibu wa sheria.

Wanaotupinga

Wapo wasemao: “Mkiwapa fedha, mtawahimiza mabinti kuzaa ovyo.” Twawauliza: je, kuwanyima kumewazuia? Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule, hata Serikali ikatangaza mwezi Novemba mwaka 2021 kwamba ataruhusiwa kurudi. Kama ukali ungekuwa dawa, ugonjwa huu ungekwisha zamani. Tena hoja hiyo inamsahau mtu mmoja: mwanamume. Kinachohimiza uzazi wa ovyo ni hakika aliyo nayo kwamba hatadaiwa kitu.

Wapo wasemao: “Mambo ya nyumba yamalizwe nyumbani.” Wazee wetu walikuwa na busara yao, na katika mila nyingi ukoo ulimwajibisha kijana aliyempa binti mimba. Lakini ukoo ule ulikuwa na nguvu kwa sababu kijana alihitaji shamba la baba yake na baraka za wazee. Leo anapanda basi usiku, na kulipopambazuka ukoo hauna pa kumshika. Anayesema mambo yamalizwe nyumbani pasipo na nyumba anasema, kwa adabu tu, kwamba yasimalizwe kamwe.

Wapo wasemao: “Fedha italiwa na mama.” Aliye na shaka aende sokoni alfajiri aone nani amewahi, na ni kwa ajili ya nani.

Na wapo wasemao: “Nchi ni maskini.” Hoja hii ni nzito, nasi hatuibezi. Lakini Zanzibar si tajiri, na mwezi Aprili mwaka 2016 ilianza kumlipa kila mzee aliyefikisha umri wa miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Afrika Kusini, mwezi Aprili mwaka 1998, ilianza kutoa posho ya randi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa familia maskini aliye chini ya umri wa miaka 7, kisha ikaipandisha polepole hadi kuwafikia walio chini ya miaka 18. Wote wawili walianza na kidogo. Lakini walianza, na waliita haki kwa jina lake.

Neno kwa nyumba ya imani

Hagari alipofukuzwa na mwanawe, alipewa mkate na kiriba cha maji, akaelekezwa jangwani. Maji yalipokwisha, alimweka mtoto chini ya kichaka ili asimwone akifa. Maandiko yatuambia kwamba Mungu aliisikia sauti ya mtoto. Hayatuambii kwamba alianza kwa kuuliza cheti cha ndoa. Hati ya Haki za Familia iliyotolewa na Makao Makuu ya Kanisa mwaka 1983 ilitamka kwamba watoto wote, waliozaliwa ndani ya ndoa au nje yake, wana haki sawa ya kulindwa na jamii. Huko si kuidharau ndoa. Anayeiheshimu ndoa kweli hamruhusu mwanamume azae na kuondoka kana kwamba amepita dukani.

Kwa hiyo hatuelewi heshima ya aina gani inatetewa pale binti anapoondolewa katika kwaya kwa kuwa mimba yake inaonekana, huku kijana aliyempa mimba hiyo akiendelea kuimba besi kila Jumapili. Dhambi ya watu wawili haiwezi kuwa na mtubuji mmoja. Jumuiya Ndogo Ndogo inayojua kuchangia harusi kwa kamati na kadi yaweza pia kumtuma mzee mmoja na mama mmoja wakamkalishe kijana huyo na wazazi wake, na kumsindikiza binti hadi kwa afisa ustawi wa jamii ili asiende peke yake.

Tunayoyadai

Kwanza, barua za wito zipelekwe na vyombo vya dola, si na mama.

Pili, kila makubaliano ya matunzo yanayosainiwa mbele ya afisa ustawi wa jamii yafikishwe mahakamani na afisa mwenyewe, yapate nguvu ya amri.

Tatu, kipimo cha vinasaba kigharimiwe na Serikali kwa asiyeweza, na gharama irudishwe na atakayethibitika kuwa baba.

Nne, matunzo yakatwe katika mshahara kama mkopo wa elimu unavyokatwa; na asiye na mshahara afuatwe kwa kitambulisho chake cha taifa na kwa leseni yake ya biashara au ya udereva.

Tano, uundwe mfuko wa kutanguliza matunzo. Serikali impe mtoto kiasi cha kumwezesha kuishi, kisha yenyewe ndiyo imfuate baba ilipwe. Uswidi ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1937. Mdaiwa sugu akutane na mdai mwenye nguvu.

Sita, katika kila mpango wa ruzuku, mzazi na mtoto wake wahesabiwe kuwa kaya, hata kama wanalala chini ya paa la babu.

Wabunge na madiwani huja kuomba kura katika vijiji vyetu. Wakija, waulizwe juu ya haya sita, moja baada ya jingine, na majibu yao yaandikwe. Mtoto hana kura. Sisi tunazo.