Ukiona Namba Imegeuka, Ripoti. Na Uripoti Vizuri

Tuseme umetumiwa shilingi 500, halafu salio linasoma 62,465. Wengine mngefurahi kwanza, maswali baadaye! Sisi namba hiyo tuliiona kazini, kwenye akaunti ya majaribio, na hakuna pesa ya mteja iliyoguswa. Lakini ilitufunza jambo ambalo kila mtumiaji wa pesa za simu anafaa kulijua.

Chanzo kilikuwa maktaba ya programu huria, yaani msimbo uliowekwa wazi ili yeyote autumie, ausome na aurekebishe. Mafundi wetu walikuwa wakiipima kabla ya kuitumia.

Iko hivi. Kompyuta huhifadhi namba kwa vipande vinavyoitwa baiti, na baiti moja haiwezi kupita 255. Kwa hivyo 500 inahitaji baiti mbili: 1 na 244, maana 256 mara 1, ongeza 244, ni 500. Sasa, ipi itangulie? Prosesa za Intel huanza na ile 244. Kompyuta kubwa za IBM, ambazo benki nyingi hutumia, huanza na 1. Ukizisoma kinyume unapata 256 mara 244, ongeza 1: 62,465. Ni kama kuandika 3/4. Hapa Kenya hiyo ni tarehe 3 Aprili, Marekani ni tarehe 4 Machi. Hakuna aliyekosea, mradi mmeelewana. Maktaba ile ilidhani kompyuta zote huanza upande mmoja.

Mwenzetu alirekebisha upande wetu kwa mstari mmoja tu, akataka kuendelea na kazi nyingine. Hapo tukabishana. Kwani si tumeshapona? Sisi tunasema hapana. Kurekebisha kwako kimyakimya ni kama kuona shimo barabarani, ukalikwepa, ukaenda zako. Anayekuja nyuma yako ana bodaboda, na ni usiku.

Basi akawaandikia wanaoitunza: "Inasoma namba vibaya." Wakamjibu: "Kwetu iko sawa." Na hawakudanganya. Kompyuta zao zilikuwa za aina moja, na ukijaribu kwa 0, hata ukigeuza baiti unapata 0 ile ile. Mara ya pili aliandika toleo la maktaba, aina ya kompyuta, namba aliyoingiza, namba aliyotarajia na namba aliyopata. Hakuweka jina wala namba ya simu ya mteja yeyote. Hapo wakaona shida, wakairekebisha kwa wote. Kama hitilafu ingekuwa ya kumfungulia mwizi mlango, angewaandikia faragha kwanza.

Hii inakuhusu vipi wewe? Mara nyingi tunapokea ujumbe mfupi: "Pesa yangu haijafika." Tunakuamini, lakini hatuna pa kuanzia. Tupe namba ya muamala, tarehe na saa, kiasi, namba uliyotumia, ulichotarajia na ulichoona kwenye simu. PIN usimpe mtu, hata akijiita mfanyakazi wetu. Na usinyamaze eti ni shilingi 10 tu ama tayari imerudi. Kilichokupata wewe leo kwa shilingi 10 kinaweza kumpata mama mboga kesho kwa pesa yote ya stoki.

Nasi tuna deni letu. "Kwetu iko sawa" ni jibu rahisi, na tunajua tumewahi kulitoa haraka. Ukilipata kutoka kwetu bila maelezo, usikubali. Rudi na ile namba yako, utuulize tena.