Ulijenga Tovuti, Ukasahau Geti

Saa tano usiku simu inalia. Ni mama mmoja wa Umoja anayeoka keki, mteja wangu wa pili maishani. "Kijana wangu, mbona nikijitafuta Google naambiwa nauza dawa za nguvu za kiume?"

Nilicheka. Halafu nikafungua kompyuta, nikaacha kucheka.

Hiyo tovuti niliijenga mimi, muda mfupi baada ya kuacha chuo mwaka wa pili. Alinilipa shilingi 8,000 kwa M-Pesa, nusu kabla, nusu baada. Kitu alichokipenda zaidi ni fomu: mteja anapakia picha ya keki anayotaka, anaandika jina, namba na mahali pa kupelekewa, mama anampa bei. Fomu yenyewe sikuiandika. Nilichukua plagini ya bure, nikabonyeza mara mbili, nikaenda zangu. Miezi 14 sikurudi hata kuchungulia. Sasa kwenye folda ya picha, katikati ya keki za harusi na za bathidei, kulikuwa na faili inayoishia na .php.

Kama hujui hiyo inamaanisha nini, fikiria ploti mnayoishi. Soja yuko getini na kitabu. Mgeni akifika anaulizwa, "Unaitwa nani, unaenda wapi?" Anaandika jina analotaka, anaingia. Kitambulisho hakuna aliyekiangalia. Plagini mbovu hufanya hivyo hivyo. Inauliza kivinjari, "Hii ni faili ya aina gani?" Kivinjari kikijibu "picha", basi, pita. Lakini kivinjari kiko mikononi mwa mgeni, na mgeni anaweza kukifanya kiseme chochote.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ndilo linaua. Picha ni kitu cha kutazamwa tu. Faili ya PHP ni maagizo, na ukiiita kwa anwani yake seva inayatekeleza, isipokuwa kama fundi aliizuia isitekeleze chochote kwenye folda hiyo. Mimi sikuzuia. Kwa hivyo mgeni hakuketi kwenye benchi la nje, alipewa funguo za nyumba zote: asome taarifa za wateja, afute, aongeze kurasa za dawa.

Na usidhani ni mafundi wa mtaani kama mimi pekee. Septemba 2020 kulikuwa na plagini ya WordPress inayoitwa WP File Manager, ikiwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000. Ndani yake kulikuwa na kazi ya watu wengine, mfumo wa bure wa kupanga mafaili unaoitwa elFinder. Hao elFinder walikuwa wameweka faili moja ya mfano, wakaipa jina linaloishia na .dist ili seva isiitekeleze. Waliotengeneza plagini wakaondoa hiyo .dist. Jina tu! Kuanzia hapo mtu yeyote duniani, bila akaunti wala nenosiri, angeweza kuiita hiyo faili na kupakia kitu chochote. Kosa hilo likapewa alama 10 kwa 10 ya hatari. Kuna wezi walioingia kisha wakaweka nenosiri lao kwenye hiyo faili ili wezi wengine wasiingie. Yaani mwizi alilinda geti kuliko mwenye ploti.

Sasa maoni yangu, na najua kuna mafundi watakasirika. Tunapenda kulaumu plagini. Lakini hao wa WP File Manager walitoa toleo la 6.9 lenye marekebisho siku ile ile tatizo lilipojulikana, tarehe 1 Septemba. Wiki tatu hivi kabla ya hapo, WordPress 5.5 ilikuwa imeleta kitufe cha kuacha plagini zijisasishe zenyewe. Dawa ilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kuinywesha tovuti. Huyo mtu ni sisi: vijana tunaojenga kwa haraka, tunapiga picha ya skrini, tunaweka status, tunapotea.

Utaniambia mteja halipi matunzo. Kweli, lakini ulimwambia yapo? Mimi sikumwambia. Nilimwachia mama aamini kuwa tovuti ni kama kibao cha duka, unapaka rangi mara moja imeisha. Utaniambia pia kusasisha kunavunja tovuti. Wakati mwingine, ndiyo. Ndiyo maana unaweka nakala kwanza. Tovuti iliyovunjika unaitengeneza. Namba za watu zikishachukuliwa, hakuna pa kuzirudishia.

Na hapo ndipo iliniuma. Usiku ule ningeweza kumwambia ni Google wamekosea. Ulimi ulikuwa tayari. Nikamwambia ukweli, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo kuna mtu anajua watoto wa wateja wangu wanazaliwa lini na wanaishi wapi?" Jibu lilikuwa: huenda. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na anayebeba mzigo mbele ya wateja ni mama, ilhali aliyeacha geti wazi ni mimi.

Nilijenga upya bure. Sasa fomu inakubali JPG na PNG peke yake, na anayekagua ni seva, si kivinjari. Kila faili inapewa jina jipya. Folda ya picha haitekelezi PHP. Plagini tusizotumia nilizifuta kabisa, kwa sababu ukizima tu, mafaili yake bado yako kwenye seva na yanaweza kuitwa.

Kama umewahi kumjengea mtu tovuti, mpigie leo. Ingia, sasisha, angalia folda ya picha kama kuna kitu si picha. Ila kagua tovuti zako tu. Kujaribu geti la mtu bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya 2018, faini hadi milioni 5 au jela hadi miaka 3, au vyote viwili.

Mama bado ananiita kijana wangu. Siku hizi ananilipa shilingi 500 kwa mwezi, na kila Jumatatu asubuhi, kabla sijapost chochote, naingia kwanza kuangalia keki zake.