AFYA YA FAMILIA: Gari la zamani, vumbi na mtoto

Mvua zikianza, mwenye Volkswagen Beetle ya zamani hujua kama raba za madirisha zimechoka. Kapeti linaloa, gari linanuka ukungu, na mtoto mwenye pumu anakohoa akipanda. Kubadilisha raba hizo nyumbani ni kazi njema, na inahitaji watu wawili tu.

Kioo cha mbele husukumwa taratibu kutoka ndani, mwenzako akikipokea nje. Raba mpya huvishwa kwenye kioo, kamba nyembamba ikapitishwa kwenye mfereji wake na maji ya sabuni yakapakwa. Kisha mmoja anavuta kamba akiwa ndani, mwingine akibonyeza kioo kwa viganja akiwa nje.

Mjomba wangu alifanya hivyo uani kwake mwezi uliopita. Aliwakataza wajukuu kusogelea kioo, nao wakatii. Lakini alipokuwa akikwangua kutu na rangi pale raba ya zamani ilipokaa, mdogo wao wa miaka miwili alikuwa ameketi kando ya gurudumu, akichora kwa kidole kwenye vumbi. Kidole kikaenda mdomoni.

Wazazi tunaogopa kioo na kusahau vumbi. Rangi nyingi za magari ya zamani zilikuwa na madini ya risasi. Mwili wa mtoto hufyonza risasi nyingi kuliko wa mtu mzima, na madini hayo hudhuru ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto anaweza kudhurika bila kuonyesha dalili yoyote mapema.

Kwa hiyo, usikwangue rangi ikiwa kavu. Tumia msasa wa maji, na tandika turubai chini. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe. Watoto wakae mbali hadi umalize kusafisha. Ukimaliza, nawa na ubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Kama mtoto amekuwa akichezea vumbi la aina hiyo, mweleze daktari na uulizie kipimo cha damu.

Mjomba aliinuka amnyanyue mjukuu. Nikamwambia, “Shati kwanza, mjomba.” Akalivua, akanawa, ndipo akambeba.