Kanuni ya namba tasa ijaribiwe

Nafundisha hisabati hapa Same, na wanafunzi wa Mwembe hadi Gonja huniletea kanuni zao za namba tasa. Inayopendwa zaidi: zidisha namba yoyote nzima kwa 6, kisha ongeza au punguza 1. Kweli, kila namba tasa inayozidi 3 ina umbo hilo, lakini 25 na 35, ambazo si tasa, nazo zinalo. Hata kanuni ya mwanahisabati Euler, n² + n + 41, hutoa namba tasa kuanzia n = 0 hadi 39; kwenye 40 inatoa 1681, yaani 41 mara 41. Walimu wenzangu, tusiwacheke wanafunzi hawa. Mwanafunzi Mtanzania Erasto Mpemba alichekwa darasani aliposema kuwa kimiminika cha moto kinaweza kuganda kabla ya cha baridi, na mwaka 1969 akachapisha ugunduzi wake pamoja na Profesa Osborne. Tumwambie mtoto atafute namba inayoivunja kanuni yake, kisha aeleze kwa nini.